Kahawa Imechanua na Havyarimana Hayupo

Kata ya Ntobeye,
Ngara, Kagera.
12 Januari, 1998

Mpendwa kaka Frednand,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na wifi Speciosa na watoto. Je, kile kifua chako kimepona? Huko kwenye vumbi la mkonge usikae bila kitambaa puani, kaka, hata wenzako wakikucheka. Sisi huku afya ni nzuri. Francisca alipata malaria kabla ya Krismasi lakini sasa anakimbia. Mdogo wake ameota meno ya juu na anamuuma kila anayemnyooshea kidole.

Mvua huku haijatuacha. Redio inasema ni Elinino. Sisi tunachojua ni kwamba ukuta wa jiko ulianguka, daraja la kwenda mjini limezolewa, na mbuzi wameanza kuoza kwato. Maharage yameozea shambani. Ndizi tunazo, kwa hiyo njaa bado haijaingia ndani.

Sijui kama barua zangu mbili za mwanzo zilikufikia, maana sijapata jibu. Kwa hiyo naanza tena tangu mwanzo, usinichoke.

Shemeji yako Havyarimana hayupo nyumbani. Alichukuliwa mwezi wa kumi na moja.

Alikuwa amekwenda Lusahunga kutafuta dawa ya kahawa na mpira wa bomba la kunyunyizia, kwa sababu pale malori yanasimama na vitu vingi hupatikana. Wakati wa kurudi gari walilopanda lilisimamishwa. Ni siku zile askari walipokuwa wanawakusanya wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi. Wakamuuliza jina. Akalitaja. Kaka, jina lenyewe la Kirundi ndilo lililomponza. Alipowaambia kwamba anaishi Ntobeye, ana mke Mhangaza wa hapahapa Ngara, ana watoto na shamba la kahawa, wakamwambia hayo yote akayaeleze kambini. Mpira wa bomba uliletwa hapa na mwanamke waliyekuwa naye garini. Yeye hatukumwona.

Wewe unamjua. Aliingia kijiji hiki kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa hajaota hata meno ya ukubwani, na mama yake amezikwa hapa juu ya kilima. Tulisoma naye darasa moja. Lakini sasa nasikia watu niliosoma nao wakisema, "Yule Mrundi wako amerudishwa kwao?" Namjibu nani, nimwache nani?

Nilikwenda kumwona. Nilipata lifti ya lori hadi njia panda, nikamalizia kwa miguu kwenye tope. Kambi ni kubwa, kaka, maturubai mpaka macho yanachoka. Nilimkuta amekaa nje ya turubai lao, amekonda, mikono ameiweka magotini kama ya mtu mwingine. Nilidhani ataniuliza habari za watoto. Aliniuliza, "Maotea umeyaondoa?"

Nikamwambia, "Baba Francisca, nimetembea kutwa nzima na ugali kichwani, na wewe unauliza maotea ya kahawa?"

"Ukiyaacha machipukizi hayo yatalinyonya shina. Acha mashina mawili, au matatu kwa mti wenye nguvu, mengine vunja yangali machanga. Na usipalilie kwa jembe. Mizizi ya kahawa iko juujuu, utaikata. Ng'oa magugu kwa mkono."

"Kwa mvua hii? Nikimaliza mstari wa mwisho, wa kwanza umeshaota magugu tena."

"Basi anza tena," akasema. Halafu akacheka kidogo, nami nikalia, naye akaacha kucheka.

Nilimweleza kwamba kahawa imechanua. Mwaka huu imechanua vibaya, kaka, kwa vipindi, maana mvua haikuipumzisha. Kwenye tawi moja unakuta vichomozo vya maua ambayo hayajafunguka, maua meupe na punje za kijani, vyote pamoja. Asubuhi harufu inaingia mpaka ndani na nyuki wanavuma kama kuna sherehe, halafu jioni mvua inakuja na maua yote yako chini kwenye tope. Havyarimana alinisikiliza kama mgonjwa anayesomewa majibu ya hospitali. Akauliza kama punje zina madoa meusi yaliyodidimia. Nikasema chache. Akasema huo ni ugonjwa wa chulebuni, nizichume zote nizifukie mbali, nisiziache chini ya miti, na nipige dawa siku yoyote mvua itakayotulia. Na nichimbe makinga maji upande wa juu, la sivyo udongo wote utashuka mtoni.

Kabla sijaondoka nilimwambia jambo lililokuwa moyoni. Nilimwambia, "Watu wanatoka humu kila siku kwa njia za panya. Na wewe toka. Usiku mmoja tu, utakuwa nyumbani."

Akatikisa kichwa. "Nikitoroka nitakuwa mkimbizi kweli, Adelfina. Nitajificha kwenye migomba yangu mwenyewe mpaka lini? Niliingia Ntobeye mchana nimeshikwa mkono na mama. Nitarudi mchana, watu wakiniona."

Nilirudi na hofu yangu kama nilivyokwenda nayo.

Nimefanya aliyosema. Makinga maji nimechimba na Francisca, mikono imetuota malengelenge. Majani ya kutandaza chini ya kahawa ni shida, kilima kizima kimekatwa nyasi za kuezekea huko makambini, kwa hiyo natandaza majani ya migomba na magome yake. Maotea nimevunja. Kila nikiona jani lenye unga wa njano kwa chini, ule ugonjwa wa kutu, nalichuma, nalichoma, halafu nalala nikiwaza kwamba nimeacha lingine. Sikujua kwamba mti unaweza kumnyima mtu usingizi kama mtoto.

Sasa ndipo nifike kwa Nshoma.

Huyu mtoto wa baba mkubwa tumekula naye chungu kimoja, kwa hiyo sikutarajia haya kutoka kwake. Wiki iliyopita asubuhi Francisca alikuja mbio kutoka shambani. "Mama, mjomba Nshoma yuko kwenye kahawa na watu wenye mapanga."

Nilimkuta kweli. Alikuwa na vibarua watatu kutoka kambini, wanawake wawili na kijana mmoja. Akanisalimu vizuri kabisa, akauliza hali za watoto. Kisha akasema, "Adelfina, shamba hili ni la ukoo. Baba yako alimwazima tu yule bwana. Sasa amerudi kwao, mimi nitaweka viazi na mihogo. Huko kambini watu wanakula, hawanywi kahawa."

"Kwao ni wapi?" nikamuuliza. "Kaburi la mama yake hulioni pale?"

"Usinigombeze mbele ya watu. Kateni."

Mmoja wa wale wanawake, baadaye nilijua anaitwa Irakoze, alikuwa mbele. Alishika tawi ili alikate, akaligeuza, akaziona punje. Akashusha panga. Akasema, "Bwana, hii imebeba. Mimi kahawa iliyobeba siikati."

Nshoma akasema, "Nimekuleta ufanye kazi, sikukuleta uongee."

"Basi nitarudi bila kazi." Akaliweka lile panga chini taratibu, akaondoka. Mwenzake akamfuata. Yule kijana akabaki anatazama miguu yake, mwisho naye akaenda.

Ningefurahi, lakini Nshoma aliliokota panga akaanza kukata mwenyewe. Alikata mstari mzima wa juu, ule wa kwanza kupandwa. Kahawa haipigi kelele ikianguka, ni matawi tu yanavunjika na punje zinamwagika. Nilikwenda nikasimama mbele ya shina lililofuata. Kanga ilinidondoka, sikuiokota.

"Ondoka hapo, Adelfina."

"Kata."

"Nimesema ondoka."

"Na mimi nimesema kata."

Tulisimama hivyo mpaka Francisca alipowaleta majirani, na baada yao mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alimnyang'anya panga na kusema hakuna atakayegusa mti wala ardhi mpaka ukoo ukae.

Yale mashina yaliyokatwa nilitaka kuyang'oa, kwa sababu siwezi kuyatazama. Lakini nilikumbuka Havyarimana aliwahi kusema shina lililokatwa likisafishwa kwa mshazari, maji yasitulie juu yake, hutoa machipukizi. Nimeyasafisha. Mpaka leo hayajatoa kitu. Labda ni mapema, labda mvua imeyaozesha, sijui.

Irakoze nilimtafuta hadi nikampata sokoni, nikampa mkungu wa ndizi, kwa sababu alikosa chakula cha siku ile kwa ajili yangu. Alikataa, nikamlazimisha. Akaniambia kwao aliacha kahawa inaanza kuiva. Akasema, "Sijui nani anaichuma." Akajitwika ndizi zake, akaenda.

Kaka, sasa sikiliza vizuri, ndiyo sababu ya barua hii.

Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kambini kumsemea shemeji yako. Alijibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi. Waje wazee wa ukoo uliompokea, waseme kwamba huyu ni mtu wao na anakaa kwenye ardhi yake. Wazee nao wanasema hawawezi kwenda kusema hivyo kabla ya kujua kama ardhi ni yake. Umeona nilipobanwa? Ardhi ikisemwa ni ya kuazima, shamba litakwenda kwa Nshoma, na Havyarimana atabaki kwenye turubai. Ikisemwa alipewa, wazee wamekubali kuongozana na mwenyekiti siku ya pili yake.

Ukoo utakaa Jumapili tarehe nane Februari, baada ya misa, nyumbani kwa baba mdogo Fideli. Swali litakuwa moja tu: baba yetu mzee Protasi alitoa shamba, au aliazima? Mimi na mume wangu hatuwezi kujishuhudia wenyewe. Baba mdogo Fideli anasema hakuwapo, na ni kweli hakuwapo. Baba mwenyewe tulishamzika. Aliyebaki ni wewe. Ulikuwa umekuja likizo ya harusi yetu, ukapanda na baba kilimani siku ile alipotuonyesha kile kipande cha mawe ambacho hakuna aliyekitaka, na ambacho leo ndicho shamba hili la kahawa. Ulisimama karibu naye kuliko mimi.

Najua ndoa yangu hukuipenda. Ulisema wazi wakati ule, na sikukuwekea kinyongo, kwa kuwa ulisema mbele yangu. Ndiyo maana sasa naogopa na wakati huohuo nakutegemea. Usiku nawaza utakuja. Asubuhi nawaza utaipokea barua, utaikunja, utasema haya ni mambo ya Adelfina aliyoyataka mwenyewe.

Maneno aliyosema baba nayakumbuka yote. Sitayaandika hapa. Barua zinasomwa na wengi, na sitaki Nshoma apate kusema kwamba nilikulisha maneno. Njoo uyaseme kama wewe ulivyoyasikia. Na kama ulisikia kwamba aliazima, njoo useme hivyo, nami nitainama niokote jembe langu. Lakini njoo, kaka. Usiuache ukoo ukae huku kiti chako kikiwa wazi, halafu kunyamaza kwako kukahesabiwa kuwa jibu.

Mabasi yanafika mpaka Lusahunga hata kwa mvua hii. Kutoka pale panda lori lolote la kuja Ngara. Ukituma neno parokiani nitakuja kukupokea njiani.

Nisalimie sana wifi Speciosa, mwambie mbegu za maboga alizoomba nimezikausha. Wasalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Baba mdogo Fideli anakusalimu, masikio yamepungua lakini anakutaja. Francisca anasema shikamoo mjomba. Havyarimana naye, nilipoagana naye kambini, alisema nikikuandikia nikupe shikamoo yake, na hakuongeza lingine.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe nguvu ya kifua na moyo mweupe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayeitazama njia,

Adelfina