Madoadoa ya Malkia wa Majoka

Tess shoga, nimekufa. Nimekufa na nimezikwa hapa hapa Geelong.

Si unajua leo mimi ndiye jaji wa mashindano ya sanamu ndogo zilizopakwa rangi upya? Wakaniletea malkia wa majoka. Kazi safi ajabu! Magamba yanameremeta, rangi haijavuja hata kwenye kucha.

Lakini jaji lazima akosoe. Nikashika kipaza sauti: "Uso ndio umeharibika. Nani ana madoadoa mpaka kwenye kope?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. MZIMA, Tess.

Fergus akainua mkono. Ndiyo, Fergus wa duka la rangi, yule ninayenunua brashi kwake hata nisipozihitaji! Akasema, "Wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe unayo. Nilipaka nikikuwaza wewe."

WEWE UNAYO! Mbele ya umati! Watu wakapiga vigelegele, masikio yangu yakawaka moto.

Nikawaambia jaji mwingine atoe alama, mimi haki imenishinda. Nikashuka jukwaani, nikamwuliza kama anakunywa kahawa.

Nimejitazama kwenye simu sasa hivi. Kumbe kweli, mpaka kwenye kope!

Huyo anakuja na vikombe viwili, anacheka peke yake. Niombee!