Ndugu Asiye wa Karibu

Mama,

Kompyuta ya kazini imekataa kwamba umekufa. Sikutanii. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa sababu kila ninayemsimulia anacheka kwanza ndipo ananitazama usoni, na mimi nimeduwaa tu tangu siku ile.

Mwanao Deo alinipigia simu asubuhi kutoka Nyakitonto. Akasema, "Dada, mama katutoka," simu ikakatika. Nilikuwa ghalani hapa Kibondo, napanga mablanketi ya kupeleka kambini kwa wakimbizi. Nikakaa juu ya robota. Unajua nilichofikiria kwanza? Kwamba mvua inanyesha na kuni zako ziko nje.

Kwetu kazini hutoki bila ruhusa, na ruhusa haitoi mtu, inatoa mfumo. Huo mfumo ulikuwepo kabla sijaajiriwa. Waliouweka walishaondoka, na hakuna anayejua kuubadilisha. Kila mwaka tunaambiwa mpya unakuja. Ukifiwa, unachagua humo marehemu ni nani wako: baba, mama, mume au mke, mtoto, mkwe. Basi. Shangazi hayumo, mjomba hayumo, bibi hayumo. Mama mkubwa ndiyo kabisa. Wala sikumtafuta mama mkubwa humo, maana sijawahi kukuita hivyo hata siku moja. Nikabonyeza "mama". Yakatoka maandishi mekundu: mama wa mtumishi huyu alishafariki.

Nilisoma mara mbili. Ni kweli, siku naajiriwa nilijaza kwamba mama aliyenizaa, mdogo wako Yusta, alifariki nikiwa bado nanyonya. Sikujua kwamba kwa kujaza vile nilikuwa nimemaliza haki yangu ya kufiwa na mama.

Afisa utumishi wetu, kaka Elibariki, ni mtu wa Moshi na si mtu mbaya. Alikuna kichwa, akasema, "Dada Leokadia, mimi nakuelewa. Mfumo ndio haukuelewi." Akanishauri nijaze kwamba naumwa. Hamisi wa ghalani, ambaye kwao ni Ujiji na utani haumwishi hata msibani, akaninong'oneza: "Muue shemeji yetu, mumeo. Mimi mama mkwe wangu nilishamuua humo, na juzi kanitumia mihogo." Nikaja kugundua kwamba ofisi nzima inafanya hivyo. Kuna mzee mmoja pale ameshazika wakwe watatu, na wote wazima, wanalima maharage yao Munanila. Watu wazima na heshima zao, Mama! Na hakuna aliyeona kwamba ni wazimu. Walinielekeza kwa upole, kama unavyomwelekeza mgeni choo kilipo.

Sikumuua mtu. Niliondoka tu. Siku hizi lami imefika, kwa hiyo niliwahi kabla hawajafunga jeneza. Nikaushika mkono wako, ule uliokuwa unanionjesha mchuzi. Unadondosha tone kiganjani mwangu, lakini unalipuliza kwanza, na nikisema chumvi haijakolea unaniambia wewe mtoto una ulimi wa bwana harusi. Sasa mkono huo ulikuwa wa baridi. Wenzangu walilia, mimi nilishangaa tu ule ubaridi. Tulikuzika pembeni ya migomba yako, na hakuna aliyeshika jembe pale nyumbani mpaka tulipoanua matanga.

Kurudi Kibondo nakuta mfumo umeniandika mtoro. Elibariki akaniletea karatasi nisaini ili yaishe. Imeandikwa hivi: "Niliondoka kazini bila ruhusa kwenda kwenye msiba wa ndugu asiye wa karibu. Naomba radhi." Nisiposaini, nitafute kazi kwingine. Akanipa wiki moja ya kufikiri.

Asiye wa karibu! Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka Hamisi, yule Hamisi, akaogopa akatoka nje.

Nyumbani mume wangu alijaribu kunichangamsha. Akasema, "Mimi ningekubali kuuawa kidogo humo, mradi kazi ibaki." Halafu akaacha mzaha. Unamjua Joel, cherehani yake inapata wateja Krismasi na shule zikifunguliwa, siku nyingine ni kusubiri. Akaniambia, "Mama hataisoma ile karatasi. Watoto watakula." Alikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichoniuma. Isitoshe wewe mwenyewe uliipenda hii kazi. Ulimtangazia kila muuza nyanya wa Nyakitonto kwamba mwanao anashika funguo za ghala.

Basi leo asubuhi nilikwenda nimeshaamua kusaini. Kweli kabisa, sikufichi. Nilikuwa na kalamu mkononi. Elibariki akasema, "Ni karatasi tu, dada."

Nikakumbuka kile kikao cha wazazi nikiwa darasa la nne. Ulikuja umetoka shambani, tope mpaka magotini, na mwalimu akakuuliza mbele ya watu wewe ni nani wa huyu mtoto. Ukamjibu, "Mwalimu, unaona nani mwingine amekuja?" Watu wakacheka. Ukaenda kukaa mbele kabisa, na tope lako.

Nikaiweka kalamu chini. Nikaenda kwenye ileile kompyuta, nikachagua kuacha kazi. Iliniuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikajibu papo hapo: ombi limekubaliwa. Mama, mashine iliyoshindwa kupokea kifo chako ilipokea kuondoka kwangu kabla sijainua kidole! Elibariki alikuwa amesimama nyuma yangu, kinywa wazi. Na mimi vilevile.

Nimetoka pale nikiwa mzima. Nimefika sokoni, nikaona mama mmoja ameweka chini mafungu ya uyoga, kama ule uliokuwa unaniokotea mvua zikianza, nikalia. Nimelia kwa sauti mpaka wauzaji wakaacha biashara kuniuliza nani kafa. Nikawaambia mama yangu. Wakaniambia pole, wakanikalisha kwenye ndoo, mmoja akanipa maji. Hakuna aliyeniuliza alinizaa au hakunizaa.

Sasa niko uani nakuandikia, na ninaogopa. Tangu nimemwambia Joel, anashona kitu ambacho najua hakina mteja. Huenda nimefanya ujinga. Ungekuwepo ungenigombeza, "Mwana wanje, mwanangu, hasira hailiwi," kisha ungenisogezea kigoda nikae. Kesho nitaanza kuuliza kazi, hata Kasulu mjini kwa wale wenye maduka ya jumla, maana ghala ni ghala na mizigo naijua. Wakinikataa nitauza hata maharage. Sijui, Mama. Sijui kabisa.

Pumzika sasa. Arobaini yako nakuja mapema na nitapika mwenyewe, na hakuna wa kumwomba ruhusa. Ninakuahidi jambo moja tu, hili silitoi kwa mtu wala kwa mashine: atakayeniuliza nimezika mama wangapi, nitamjibu wawili.

Mwanao,
Leokadia