Mwambie Amenikalisha kwa Wanaume

Baba Njeri,

Leo nimepita pale dukani kwako Thika, ulipokuwa unatengeneza redio. Siku hizi panauzwa viatu. Nimesimama nje nikicheka peke yangu mpaka mwenye viatu akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nimekumbuka ile siku yako na Maitu, na nikiwasimulia watoto wanasema naongeza chumvi. Basi nakuandikia wewe uliyekuwepo.

Unajua vile Maitu, mama yangu, alivyokuwa baada ya kuanguka kule Kalimoni na kuvunjika nyonga. Daktari alisema hatatembea tena. Maitu hakulilia mguu wala shamba, alililia kanisa. Tulimsimulia ibada kila Jumapili, lakini hiyo ilikuwa kama kusimuliwa chakula. Akaanza kugeukia ukuta. Uji unawekwa, unapoa, unaondolewa. Niliogopa, Baba Njeri. Nilijua ananiacha.

Wewe ukasema, "Basi tumpelekee kanisa." Nikadhani ni mzaha wako.

Jumapili ukaenda kanisani na redio kaseti na maiki mbili, urekodi ibada. Moja ukaiweka kulia kwa wanaume, nyingine kushoto kwetu, maana kanisani kwetu mtu na mkewe huachana mlangoni. Halafu ukajifungia dukani ukiunda kile kisanduku cha kuchomeka kati ya redio na hedifoni. Ulinieleza kwamba hedifoni tupu huwaweka waimbaji wote ndani ya kichwa chako. Lakini sauti ya kulia ikivujishwa kidogo kwenda sikio la kushoto, ikafika imefifia na imechelewa kiasi, sikio hudanganyika: unajihisi ndani ya jengo, watu wamekuzunguka. Nilipozijaribu niligeuka kumtafuta aliyekohoa. Ulicheka mpaka ukaangusha bisibisi.

Sasa, mkwe ni mkwe. Hungeweza kuingia chumbani kwa Maitu, sembuse kumgusa kichwa. Ukaketi sebuleni na chai yako na kisanduku chako, waya mrefu ukapita chini ya pazia, na mimi nikasimama katikati kama karani wa mahakama. Nikamvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, kwa sababu hicho alikataa kabisa kukivua.

Alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Mwambie mume wako amenikalisha kwa wanaume."

"Ati nini?" ukauliza.

Nikazivaa mimi. Ngai! Alikuwa amesema kweli. Wazee walikuwa wananingurumia masikio yote mawili, na wanawake wako mbali kule dirishani. Ulikuwa umelipanga kanisa kutoka kwenye benchi lako. Tangu utotoni hukuwahi kulisikia kutoka upande wetu.

"Lakini ndivyo linavyosikika!" ukabisha.

"Kwako," nikakuambia.

Ukaanza hadithi ya besi, zile sauti nzito, kwamba wateja wako wote wa Githurai wanataka besi, na besi ndiyo utamu wenyewe. Maitu akakusikia, pazia si ukuta, lakini bado alisema na mimi: "Mwambie utamu huo ni wake. Mimi nataka kumsikia mwenzangu akivuta pumzi."

Hapo ukaanza kazi. Ukashusha besi. Ukawasukuma wanaume kulia.

"Muulize kama wamefika kwao."

"Bado. Wamesimama njiani."

Ukazungusha tena. Ukawaleta wanawake karibu, huku na huku. Ukaongeza zile sauti nyembamba, kwa sababu kitambaa kilikuwa kinazimeza. Chai yako ilifanya utando.

Kisha nikamwona Maitu anajivuta pale kitandani, na ile nyonga yake mbovu, anasogea ukutani polepole, halafu anapigapiga nafasi aliyoiacha. Vile tunavyofanya benchi likijaa na mtu amechelewa.

"Kaa hapa, mama," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

"Vipi?" ukaita kutoka sebuleni. "Nipunguze?"

Nilitoka nikaishika mikono yako yote miwili ili usizungushe kitu kingine. Jioni hiyo Maitu alimaliza uji, akauliza kama kuna mwingine.

Tangu hapo mtu akikuletea hedifoni ulimuuliza kwanza, "Wewe hupenda kukaa wapi?" Kijana alitaka kusimama mbele ya spika za disko. Mzee mmoja wa Gitothua alitaka redio isikike kama iko chumba cha pili na mkewe ndiye anayeisikiliza. Hukubishana nao tena. Nilikupenda sana kwa hilo, na sijui kama nilikuambia.

Kuna lingine nilikuficha makusudi, kwa sababu ungeringa. Miaka hiyo yote, wimbo ukianza, mimi upande wangu wa kushoto nilikuwa nawazima wote, waumini na kinanda, nitafute sauti moja tu kule kulia. Wewe hukuwa unajua kuimba, Baba Njeri. Wenzako wakimaliza ubeti, wewe bado una neno moja mkononi, unalimalizia peke yako bila haya. Majirani zangu walinikanyaga mguu wakicheka. Mimi nilikuwa nasubiri hilo neno.

Jumapili iliyopita, ya kwanza mimi kurudi kanisani tangu tukuzike, wanaume waliimba vizuri sana. Walianza pamoja, wakamaliza pamoja. Kila mtu aliwasifu. Mimi nililia mpaka nikatolewa nje.

Mkeo,
Mama Njeri