Yaya Claire, Nimerudi Bweni

Mulungwishi, karibu na Likasi
Jumapili, tarehe 13 Septemba 1970

Mpendwa Yaya Claire,

Pokea salamu zangu za upendo, mimi mdogo wako Eugénie. Hamjambo huko Kinshasa? Shemeji Georges anaendeleaje? Na Mélanie, ameota meno? Mimi ni mzima, ila sauti imekauka kwa kuimba kanisani asubuhi.

Usishangae kuona naandika kutoka bweni. Najua Mama alikwisha kukuandikia kwamba nimekataa kurudi shule. Ni kweli, nilikataa. Ngoja nikueleze.

Mapacha wetu walipozaliwa, Kyungu alitoka na kelele zake, Kabange akatoka mdogo kama njiwa. Mama alibaki kitandani, hana nguvu. Likizo yote ni mimi niliyewaogesha, nikafua nepi, nikasonga bukari, huku Baba akiingia na kutoka kwa zamu zake kiwandani. Kabange alizoea kulala kifuani pangu.

Siku Mama aliponiuliza sanduku langu liko wapi, nikamjibu siendi. Ungecheka! Alidhani kuna kijana. Akawataja vijana wote wa mtaa, hata yule wa kwaya anayepiga ngoma nje ya wimbo. Nikasema hakuna kijana, nabaki kusaidia. Akakasirika.

"Hawa batoto ni ya minye," akasema, akijipiga kifua. "Weye unabakiza mwaka moja tu. Utarudia ku masomo."

Baba alikuwa akinywa chai. Nadhani moyoni alitaka nibaki. Ndipo likanitoka neno nililolimeza tangu Machi, mdogo wetu Germain alipokufa kwa surua. Wewe na mimi tulipata habari akiwa amekwisha kuzikwa. Wewe uko mbali. Lakini mimi nilikuwa hapa, safari fupi ya treni, nafanya mtihani wa hesabu.

Nikauliza: "Mama, Germain alikuwa ananiulizaka, niko wapi?"

Mama akageukia ukutani. "Kila siku," akasema. "Kila siku alikuwa anakuulizaka."

Nililia vibaya, Yaya. Nikawaambia siogopi masomo, naogopa kuambiwa Kabange amekufa na kaburi lake limekwisha kuota majani.

"Hatukutaka kukuharibishia examen," Baba akasema. Akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema: "Nitakupeleka minye mwenyewe, nitaongea na bakubwa ba masomo. Ukisikia na ukikataa, tutarudia wote wawili."

Bibi Albertine akaitwa kutoka kule ziwani Tshangalele aje kumwangalia Mama. Baba naye akaomba ruhusa kazini, akabeba sanduku langu hadi stesheni.

Tulipofika alivua kofia mbele ya Mama Philomène, mlezi wetu wa bweni.

"Mama, kama mu nyumba yetu kuko shida, mumuite huyu mutoto. Hata kama iko mu examen, mumutoshe inje. Minye njo nilimufichaka. Simufichi tena."

Kisha akanitazama, akingoja. Sijawahi kumwona Baba akingoja jibu la mtoto. Nikalichukua sanduku mkononi mwake.

Ijumaa niliitwa ofisini katikati ya somo. Nilikimbia bila kufunga daftari. Nikamkuta mtu wa reli aliyetumwa na Baba, akanipa habari: Kabange ana mafua, lakini ananyonya vizuri. Basi! Mafua tu, Yaya! Nilicheka huku machozi yananitoka, kisha nikarudi darasani.

Nisalimie Shemeji Georges, umbusu Mélanie mashavu yote mawili. Ukiwaandikia nyumbani, mwandikie na Baba barua yake peke yake, atafurahi. Mungu awalinde mkilala na mkiamka, na atukutanishe sote tukiwa hai.

Mdogo wako akupendaye sana,
Eugénie