Majina Thelathini na Moja ya Priscah

Mwaka mzima umepita, Priscah, tangu moyo wako usimame Jeddah na ndege ikurudishe Kitale, na bado watu wanaingia kwa mama bila hodi kuuliza kama uliacha wimbo mwingine. Uliacha ishirini na tatu. Nyumba haijakauka wageni.

Ulipenda muziki wa kantri tangu shuleni, yale magitaa ya Wamarekani ya malori na wapenzi walioachwa. Ulipoenda Riyadh mwaka 2012 kufanya kazi za ndani, ukaanza kutunga za kwako kwa Kiswahili, ukijirekodi kwa simu ndani ya kabati la mabaibui ya madam ili sauti isitoke nje. Watu walicheka, eti hausigeli naye ana albamu. Ulikuwa nazo mbili.

Kafili wa pili, yule mwajiri aliyekudhamini, alikupeleka Jeddah. Huko, Ijumaa zako zilikuwa mtaa wa Ruwais kwa Bi Samia, yule mama wa Kizanzibari mwenye mazulia mazito. Sebule yake ikawa studio. "Imba, mwanangu," alikuwa akikwambia, "majirani nishawapelekea halua, hawana la kusema."

Umbea wako tunaukumbuka kwa heshima zote. Kwenye arusi za mabosi, huko jikoni, ulimuulizia kila msichana aliyenyang'anywa simu: anaitwa nani, kwao wapi, anakaa mtaa gani. Kisha unamtaja kwenye wimbo, kama salamu za redioni, ili kwao wajue yu hai. Mama Selipher alijua hivyo kwamba bintiye yu hai: alikuwa sokoni, wimbo ukatoka kwenye simu ya muuza nyanya.

Mwezi uliopita dada yako Maryann alipeleka nyimbo studio. Hillary, mwenye studio, alisikiliza "Salamu za Riyadh" dakika tisa nzima.

"Dadangu, sauti ni moto. Lakini haya majina thelathini na moja toa, ndio redio wacheze."

"Nitoe lipi?"

"Yote. Nani anawajua hao?"

"Mama zao," akasema Maryann, akachomoa flashi, hata kwaheri hakumpa. Njiani alilia kidogo, tusifiche. Kusikika redioni ulitamani maisha yako yote, na yeye ndiye aliyefunga mlango.

Basi wenye redio wasome hapa: wimbo utatoka mzima au hautatoka. Tumeshautia kwenye simu za mtaa mzima na tunaendelea kugawa.

Jina la mwisho ni la Velma, wa mtaa wa Naseem, Riyadh. Hajarudi, hajapiga. Kila Jumapili mama yake huja kwetu kuusikiliza wimbo, hapewi chai akainywa mpaka ifike dakika ya tisa. Nani kati yetu atamwambia kwamba tulifupisha?

Unakumbukwa na mama yako Peris, dada yako Maryann, kaka yako Jeremiah, Bi Samia wa Ruwais na wenzako wote wa mtaa wa Bani Malik, Jeddah. Tutakukumbuka siku zote, na kelele hatuachi.