Shati la Uzi Mweusi

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti bado yanakubali kuinama na macho bado yanaliona tundu la sindano bila kulitukana. Huku kwetu sote wazima. Mimi nakohoa kidogo asubuhi, lakini hicho ni kikohozi cha mazoea. Kimeingia kama mpangaji na sioni dalili ya kuhama. Na dada yangu, huyo uliyemchukua kwetu ukatuachia nyumba kimya, yu hali gani? Mpe salamu zangu nyingi. Mwambie aisome barua hii baada yako, asiisomee begani kwako, maana ina mahali nataka upapite peke yako kwanza.

Pokea habari kubwa. Shemeji yako sasa ni mtu mzito. Kampuni imenichagua kuwa hakimu mkuu wa mashati ya kiume. Nilikalishwa kwenye kiti cha ngozi kinachozunguka, feni mbili zinanipepea, wasichana watatu wa ofisini wanaandika kila ninachotamka, na nilipokohoa wakaandika na kikohozi.

Haya, nimedanganya. Kiti kilikuwa cha jikoni kwa binti yangu, tena kina mguu mmoja mfupi. Feni haikuwapo, kulikuwa na dirisha. Na mwandishi alikuwa mmoja tu, mjukuu wangu, kifungua mimba wa binti yangu, yule tunayemwita Mwanasheria kwa maswali yake. Wewe ulimwacha anavaa sare za shule ulizomshonea mwenyewe. Ila uhakimu wenyewe ulikuwa wa kweli, na kesi ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani nilipokubali.

Mwanasheria siku hizi ni mnunuzi wa duka kubwa la nguo za kiume. Wenye duka wamemtuma achague shati moja tu la oksfodi, lile la kitambaa cha nyuzi mbilimbili kama ukili, lenye kola inayofungwa ncha zake kwa vifungo viwili isipeperuke. Karakana itakayoshinda itawashonea miaka miwili mfululizo. Zitakazoshindwa zitapewa mkono wa asante na mlango. Mtoto akaona asiamini maneno ya mawakala, kila wakala anasifia lake kama mama wa bibi harusi. Akamtafuta fundi mzee aliyestaafu, asiyeweza kuhongwa kwa sababu hana meno ya kulia hongo. Akasema neno langu ndilo atakalopeleka.

Akaniletea mashati ya aina nne, kila aina saizi tatu, yote ya samawati hafifu, lebo zote amezikata. Kwenye mkia wa kila shati alitia uzi wa rangi yake: mwekundu, kijani, manjano na mweusi. Akaniambia nipime mambo matatu: linavyokaa mwilini, lilivyoshonwa, na kama bei yake inafanana na kilichomo ndani. Nikamwambia mimi nilikuwa napima mambo hayo mama yake akiwa bado anatambaa. Akaandika na hilo.

Basi tukaanza. Nilikusanya miili mitatu. Mmoja ni wa mkwe wangu mwalimu, mrefu mwembamba, ambaye shati lolote ukimvisha utadhani limeanikwa. Wa pili ni wa jirani yetu dereva wa lori, ambaye tumbo lake hutangulia kufika, yeye akafuata. Wa tatu ni huu wangu, umebaki mabega na majivuno. Kila shati lilivaliwa na wote watatu, kila mtu saizi yake, likafuliwa kwa maji ya moto, likaanikwa, likapigwa pasi, likavaliwa tena. Mara tatu. Binti yangu alilalamika kwamba nyumba imegeuka kwa dobi, na kwamba hata kuku sasa wanapita uani wameinamisha vichwa.

La uzi wa kijani lilikuwa rahisi kwa bei na rahisi kwa kila kitu. Kifungo cha kwanza kilianguka kabla dereva hajamaliza kupumua. La manjano lilimpendeza mwalimu mpaka mkewe akamtazama mara mbili, jambo ambalo halijatokea karibuni. Lakini limekatwa kwa watu wasiokula, na dereva alipoliingia ilibidi tumtoe wawili, mmoja kwa kila mkono. La uzi mwekundu ndilo la bei kubwa kuliko yote. Lilikuja kwenye boksi, limefungwa karatasi laini inayolialia ukiigusa, vifungo vya chaza vinavyometa. Nikalipigia saluti. Baada ya kufuliwa mara ya pili mikono yake ilikuwa imepanda juu ya vifundo vya mikono kama inavuka mto.

Sasa nije kwenye la uzi mweusi. Bei yake ya katikati, haikustui, haikutii aibu. Kwenye henga halikuwa na makuu. Nikalivaa mimi kwanza. Shemeji, nilinyanyua mikono juu, na shati halikutoka kwenye suruali. Nikanyanyua tena. Nikazunguka jikoni mikono juu kama mwizi aliyezingirwa, na shati limetulia kiunoni, halina habari. Unajua maana yake: aliyelikata amelipandisha kwapa lilipotakiwa, hakumwonea mvaaji kwa kuokoa kitambaa. Tukamvisha mwalimu la saizi yake, akawa na kifua. Tukamvisha dereva la saizi yake, akafunga vifungo vyote, akaketi, akacheka, na hakuna kilichoruka. Akaniuliza kama huyo fundi amewahi kumwona akiwa uchi.

Na kola! Mimi nimeshona kola maisha yangu yote, sikujua kola inaweza kufanya vile. Ukifunga vile vifungo viwili haikulala bapa kama ulimi wa mgonjwa. Ilinyanyuka kidogo shingoni, ikapinda taratibu, ikashuka kwenye kifungo kama mtu anayeketi bila kutazama kiti. Nililivua nikalipindua. Mishono yote imekunjwa ndani, hakuna uzi ulioachwa ukining'inia. Pembeni, mkia wa mbele unapokutana na wa nyuma, kuna pembetatu ndogo ya kitambaa kuzuia pasipasuke, ndogo kama ukucha, imeshonwa kana kwamba itaonwa na mfalme, na mahali penyewe hapaonwi ila na dobi. Nilikaa chini. Mwanasheria alinisogezea maji akidhani nimeshikwa na moyo. Nikamwambia moyo haujanishika, ila shati limenishika.

Ndipo nilipoona mwisho wa mshono. Sisi wengine wote humalizia mshono kwa kurudi nyuma mara mbili, tukakata uzi tukaenda zetu. Huu ulirudi mara tatu. Nikatazama mwingine, mara tatu. Nikatazama wote. Katika maisha yangu nimemjua fundi mmoja tu anayeogopa uzi utamtoroka kiasi hicho, na kwa ajili hiyo dukani kwetu tulikuita Mara Tatu.

Mjukuu wangu hakujua. Karakana imeandikwa kwa jina la wakala, na yeye hajui kwamba vyumba vile viwili vya nyuma ya nyumba yako sasa vina cherehani nane. Mimi najua kwa kuwa dada yangu huniambia, kwa sauti ya chini, kama anayeiba.

Hapa, shemeji, ndipo nilipotaka upapite peke yako.

Mwanasheria aliniuliza hukumu yangu. Shati lako nimelikumbatia kifuani, nikamjibu kwamba mshindi ni la uzi mwekundu. Lile la mikono ya kuvuka mto! Akanikazia macho, akaandika. Nilimwambia mikono hurekebishwa, vifungo vya chaza havirekebishwi. Maneno ya kijinga, lakini uzee una faida hiyo, ujinga wako huitwa hekima.

Kwa nini? Si wivu. Wivu ningeukiri mapema, maana wivu mimi ninao wa kutosha kugawa. Ni ile kola. Ilifuliwa kwa maji ya moto mara tatu, haikusinyaa hata unywele. Na kola isiyosinyaa ina siri moja tu: fundi ameloweka kile kitambaa kigumu cha ndani, akakianika, kikamaliza kusinyaa kwake kote, ndipo akakikata.

Unayakumbuka mashati kumi na mawili ya yule meneja wa benki. Alifua mara moja, kola zote zikajikunja kama majani makavu, akaja kuyamwaga mezani mbele ya wateja. Nikakutazama wewe. Na watu wote wakafuata macho yangu. Ulisema uliloweka. Nikasema mbele yao kwamba fundi mwenye haraka huota ameloweka. Jumatatu yake ulibeba cherehani yako, na kwa miaka kumi na miwili hujakanyaga kwangu, hata binti yangu wa mwisho alipoolewa ulimtuma mkeo na zawadi.

Shemeji, ulikuwa umeloweka. Kipande chako kilikuwa kwenye kamba uani, na mimi nilikiona kinadondosha maji. Meneja alikuwa anakuja saa kumi na mimi nilimwahidi kwa mdomo huu mkubwa. Sikutaka kungoja kikauke. Nikachukua robota jipya rafuni, kavu, halijawahi kuonja maji, nikakata kola zote kumi na mbili kabla hujarudi kutoka kununua vifungo. Chako kilipokauka nikakifungia godoro la mtoto, kisionekane tena.

Kwa hiyo niliposhika kola ile jikoni nilielewa nilichokishika. Umekaa miaka kumi na miwili unaloweka kosa ambalo si lako, shati baada ya shati, mpaka limekuwa kazi bora kuliko yoyote niliyoigusa. Nilistaajabu, na niliogopa. Nilijua nikilitaja shati lile fundi wake atajulikana ni wewe, niulizwe kwa nini ulitoka dukani, na jibu litanivua nguo mbele ya mjukuu wangu.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, nikawaambia wote: binti yangu, mwalimu, Mwanasheria na daftari lake. Binti yangu aliondoka mezani. Mwalimu alitazama sahani yake kama ina mtihani. Mwanasheria aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba sasa neno langu halimfai kwa lolote, si kwa shati jekundu wala jeusi. Aliyachukua mashati yote, akayaning'iniza kazini kwake na nyuzi zake zilezile, akawaambia wanaume wa ofisini wavae wenyewe wiki nzima bila kuambiwa kitu. Kufika Ijumaa walikuwa wanagombania moja tu, la uzi mweusi. Kwa hiyo usije ukasema ushindi huu ni sadaka yangu. Ni wanaume kumi na wanne wasiokujua wewe wala mimi, na wakala wako atapata barua ya duka wiki hii.

Kwa meneja nimekwenda pia. Amestaafu, anafuga mbwa. Nikamweleza yote nimesimama kizingitini kofia mkononi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza mashati yapi. Amesahau, shemeji! Kitu kilichokutoa dukani na kuninyima mimi mtu wa kutaniana naye, mwenyewe hakumbuki hata rangi yake. Nilicheka njia nzima ya kurudi, na kicheko hicho hakikuwa kitamu.

Sikuombi unisamehe kwa barua; msamaha wa karatasi hulowa. Sasa mpe dada yangu naye asome, na asipige kelele mpaka afike mwisho. Wasalimie wanao na wajukuu, na wale mafundi wako wanane waambie yuko mzee mmoja huku amewavulia kofia, na kipara chake kinapigwa jua.

Nina ombi moja dogo, na hili ni haki yangu. Suti yako ya harusi nilikupima mimi, tena mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza ulivuta tumbo ndani umpendeze dada yangu. Ukaniahidi kwamba siku nitakayohitaji nawe utanipima, kwa sababu fundi hajipimi mwenyewe. Sijawahi kuidai. Sasa shingo yangu imekonda, kola zangu zote zinanizunguka kama zinamtafuta mwenyewe. Njoo unipime. Usilete shati, lete futi tu. Utaipitisha shingoni kwangu kwa mikono yako miwili, na ukitaka kukaza, kaza, sitasema neno. Ila desturi ya kazi unaijua: tuachie nafasi ya kidole kimoja.

Ni mimi shemeji yako, hakimu aliyefukuzwa.