Beseni Lako Liko Kwangu

Mtani wangu Mama Neema,

Sikusalimu. Mtumwa hasalimiwi, ndivyo ulivyoniambia siku ya kwanza, na sasa uko chini ya udongo wa Lumuma huwezi kunijibu, basi leo neno la mwisho ni langu. Nakuandikia nikiwa nimekaa. Nimekaa kitako, kwenye kiti cha mbao, hapa jikoni kwangu Mikumi ninakowapikia madereva, na malori yanapita barabarani kama kawaida. Jumatatu nampeleka wifi yako Lea Dar, hospitali ile ile tuliyokutana mimi na wewe. Kaka yako Yoeli hajui mkewe anakwenda kutazamwa nini. Ameambiwa ni tumbo.

Hilo neno limenitia kinyaa, mtani. Tangu tukuzike nikilisikia nahisi mate yananijaa mdomoni.

Na si kwamba mimi ni mgeni wa kinyaa. Nilijichukia mwili wangu kabla sijakujua. Ile damu, ule usaha, ile harufu niliyoifukizia ubani na bado ikabaki kwenye shuka. Baadaye mionzi ikaniunguza, ngozi ya huko chini ikatoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Mume wangu alihamia chumba cha watoto, eti joto. Shangazi akanitengea kikombe. Nani alimwambia saratani ya huko inaambukizwa kwa kikombe, mpaka leo sijui.

Kisha korido ile. Benchi refu, watu watatu tu wamekaa, na wanawake wawili wamesimama wakiegemea ukuta. Uliniangalia, ukauliza, "Na wewe hukai?" Nikasema sikai. Hukuuliza zaidi. Nyumbani walikuwa wameniuliza maswali mengi, lakini hakuna lililonifanya nijione nimejibu kila kitu kama hilo. Uliposikia natoka Mikumi, na kwamba babu yangu ni Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge Kilosa, ulicheka mpaka nesi akachungulia. Msagara na Mnyamwezi, utani tumeurithi. Ukasema, "Kumbe mtumwa wangu. Basi nibebee na hili kalio."

Tukapanga chumba kimoja. Jioni tulichemsha maji, tukatia chumvi, tukayapoza, kila mtu akakaa kwenye beseni lake, tumejifunga khanga kifuani kama wanawali wawili wanaofundwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ngozi ile haifutwi, inapepewa, na ukanipepea kwa mfuniko wa ndoo huku unanitukana. Kwenye mabeseni yale nilisema mambo ambayo mama yangu mzazi hajayasikia. Kwamba nilijichafua ndani ya basi tukiwa hatujafika Chalinze, na kijana wa kiti cha jirani akafungua dirisha akatema mate. Ukasema wewe ulijichafua kanisani, ukaimba wimbo mzima umesimama peke yako wakati wenzako wameshakaa, mchungaji akadhani umeguswa na Roho. Tulicheka tukamwaga maji. Sikuwahi kufikiri kwamba kinyaa kinagawanyika, mmoja akabeba huku na mwingine kule.

Tuliporudi makwetu ukawa unapanda mpaka juu ya mashamba ya vitunguu ndipo upate mtandao. Hukusema halo. "Leo umekaa au umesimama?" Nikijibu nimesimama, unaniambia nitie maji jikoni. Nikijibu nimekaa, unanitukana kwamba Wanyamwezi kwa kukaa hamjambo. Mimi nilipona nikaanza kukaa zaidi. Wewe ulikuwa umechelewa, dawa za bawasiri za yule mganga wa kijijini kwenu zilikuwa zimekula muda wako wote. Siku nilipokuuliza mimi swali lako, ukasema umelala tu. Nilikata simu nikalia juu ya sufuria la maharage.

Sasa nikwambie ya msibani, maana hukuyaona.

Kaka yako alisimama na karatasi kusoma wasifu wako. Ukazaliwa, ukabatizwa, ukaolewa, ukalima vitunguu, kisha ukasumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu. Watu wakatikisa vichwa. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona kwamba ugonjwa ule huwapata wanawake wenye mambo machafu, mwenzake akamwambia anyamaze, mtu ameshakufa. Walijua, mtani. Walijua wote, na wakaula ule uongo hata kabla ya wali wa msiba.

Angekuwa jirani, angenyamaza. Lakini mtani wa marehemu hafungwi mdomo msibani, na anayemkasirikia ndiye mwenye aibu. Nikaingia chumbani kwako nikavaa gauni lako la kitenge, nikachukua lile beseni la bluu lililopasuka ukingo, nikatoka nikitembea kama wewe, miguu imeachana, mkono kiunoni. Wakaanza kucheka, wakajua utani umeanza. Nikaliweka beseni karibu na jeneza lako, nikakaa ndani, nikaiga sauti yako: "Jamani msinisingizie. Tumbo langu lilikuwa zima, limekula ugali wenu miaka yote. Mimi nimekufa kwa saratani ya mkundu. Na ninyi mnaopakana dawa mkisema bawasiri, nendeni mkatazamwe. Huku nawasubiri, ila sina haraka."

Kicheko kikakatika. Mchungaji akatazama viatu vyake. Kaka yako akaikunja karatasi mara nyingi mpaka ikawa kitu kidogo kabisa. Mimi nikabaki kwenye beseni, kusema kweli kwa sababu nilishindwa kuinuka. Watani wenzangu ndio walioninyanyua.

Jioni tulikuwa tunasugua masufuria mferejini. Lea akaja. Siku nzima nilikuwa nimemwona, wanawake wamekaa mikekani, yeye anapita na sinia, anapita na ndoo, nikajisemea huyu ndiye mchapakazi wa nyumba hii. Akanipokea sufuria, akasugua bila kunitazama. Akauliza, "Lile beseni, maji yake yanakuwa ya moto kiasi gani?" Nikamwambia vuguvugu, uyapime kwa kiwiko.

Mke wa mtu aliyesoma karatasi ile. Anatoka damu tangu vitunguu vya mwaka jana, na anapakwa dawa na mganga yule yule. Huyo mganga alikuja kwenye msiba wako akala nyama, nilimwona anachokonoa meno. Nimemwambia Lea ukweli, kwamba bawasiri ipo na huenda ni hiyo tu, lakini kwa kupakapaka hatutajua. Akakubali twende, kwa sharti mumewe aambiwe ni tumbo. Nami nikakubali kulibeba neno hilo mdomoni mpaka tuvuke Morogoro. Linanichefua. Nitalitema huko.

Habari zangu zilifika Mikumi kabla yangu. Dereva mmoja wa malori ameacha kula kwangu. Aende zake. Mume wangu amerudi chumbani, na juzi nilimkuta anapima maji kwa kiwiko.

Beseni nimeondoka nalo. Kaka yako aliponiuliza mtani anadai nini ili aondoke, alidhani nitataka kuku. Nilipolitaja aliangalia pembeni, akaenda kulileta mwenyewe, ameliosha. Labda na yeye siku moja ataweza kusikia. Siku hiyo sitakuwa na haraka ya kumsamehe.

Ninamwogopea mtoto wa watu huyu, nisikufiche. Harufu ya korido ile ninaikumbuka, na mlango ule wa daktari pia. Kupona siwezi kumwahidi, si mali yangu. Ninachokuahidi wewe ni kwamba hatasimama ukutani peke yake, hata benchi likiwa tupu, hata mimi nikiwa naweza kukaa. Akitoka mle ndani, kabla ya mtu yeyote kumuuliza daktari amesemaje, nitamuuliza lile swali lako.

Lala, mtumwa wangu. Kwa Mungu usianze kutukana mapema, subiri wakuzoee.

Leo nimekaa. Jumatatu nitasimama.

Mtani wako,
Mama Zuhura